Mashua ndogo ya tanga ya plaiwudi, imelala stoo miaka mingi: nianzie wapi? (Moshi)

Kibo_Chini

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa mafundi na watu wa maji mliomo humu.

Kuna mashua ndogo ya tanga imetolewa kwenye stoo ya shamba la kahawa upande wa Usa River, sasa iko Moshi. Ni ya plaiwudi. Urefu mita 3.30, upana sm 139. Pua haikuchongoka, imekatwa bapa. Plaiwudi ni nyembamba, milimita 5 hivi, na kila mahali mbao zinapokutana pamebandikwa utepe wa fiba. Ndani, pembeni, mbele na nyuma, kuna visanduku vilivyozibwa. Ina mlingoti mfupi, ufito mwingine mrefu wenye mdomo wa mbao wa kukumbatia mlingoti, usukani, na matanga mawili mekundu yaliyopauka. Ule ubao wa kuchomeka katikati haupo, limebaki tundu lake tu.

Hali yake ni hii. Chini, kando ya tundu la ubao, kuna eneo la kiganja ambalo ukilibonyeza linabonyea. Utepe wa fiba umebanduka upande wa kushoto kama sm 60. Kona moja ya ubao wa nyuma imeachana matabaka. Kisanduku cha kulia ukitikisa unasikia maji yanacheza.

Fundi wa bodi za magari hapa mjini anasema tuipige fiba nje nzima, siku mbili kazi imekwisha. Mwingine anasema ninunue marini bodi nibadilishe chini yote. Lengo ni kuishusha bwawa la Nyumba ya Mungu kabla ya mwaka kwisha. Nianze na lipi, na resini gani?

---

FundiMbao_Tengeru

Mkuu, kwa vipimo hivyo na pua hiyo bapa, hiyo ni Mirror. Ilibuniwa Uingereza mwaka 1962 na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, ikapewa jina la gazeti la Daily Mirror, na ndiyo maana matanga ni mekundu. Zimeundwa zaidi ya 70,000, nyingi na watu wa kawaida majumbani mwao kutoka kwenye vipande vilivyokatwa tayari. Nakueleza haya kwa sababu ya namna ilivyoungwa: vipande vya plaiwudi vilishonwa kwa waya wa shaba, kisha juu ya mshono ukabandikwa utepe wa fiba kwa resini ya poliesta. Haina mataruma, yaani mbavu za ndani. Nguvu yote iko kwenye ile mishono na visanduku, kwa hiyo ukiijua mishono umeijua mashua.

Fundi wa magari mwambie asubiri. Fiba juu ya mbao yenye maji ni kuyafungia maji ndani. Nje itang'aa, na ndani mbao itaendelea kuoza bila wewe kuona.

Kwanza ipime uzito. Bodi tupu ya Mirror, bila mlingoti wala usukani, inatakiwa kuwa kilo 45.5. Azima mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia kahawa kwenye chama cha msingi, itundike kwa kamba mbili. Ikiwa kilo 50 au 52, ni rangi na viraka vya zamani. Ikivuka 55 basi inabeba maji.

Kisha ikaushe. Toa vizibo vyote vya visanduku, iweke juu ya stendi mbili chini ya paa lenye upepo wa kupita, usiianike juani maana jua kali hupasua tabaka la juu la plaiwudi. Kisanduku cha kulia hakitakauka kwa tundu la kizibo peke yake. Kata tundu la mviringo la sm 10 hadi 12 kwenye ubavu wake wa ndani, usitoboe chini. Tundu hilo utakuja kulifunga kwa kifuniko cha plastiki cha kuzungusha au kwa duara la plaiwudi lenye raba na skrubu sita, na kuanzia hapo utakuwa na njia ya kukagua ndani. Pima uzito kila wiki. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, imekauka. Masika Moshi subira itakuwa ndefu, Januari na Februari kazi inakwenda haraka.

Wakati inakauka, tafuta uozo. Chukua bisibisi yenye ncha, choma taratibu kila sm 5 kuzunguka tundu la ubao, kwenye ubao wa nyuma, na sehemu za chini za visanduku. Mbao nzima inakataa ncha, mbao mbovu inaipokea. Gonga pia kwa mpini wa bisibisi: sauti kavu ni salama, sauti nzito iliyokufa ni matabaka yaliyoachana. Weka alama kwa chaki. Ukiona madoa ya kijani kando ya mshono, ule ni waya wa shaba umepata maji, na utepe wa hapo hata kama umeshika leo utabanduka kesho.

Hilo la marini bodi, achana nalo. Kile kinachouzwa kwa jina hilo kwenye maduka yetu ya vifaa vya ujenzi ni plaiwudi ya kumwagia zege, ya milimita 12 au 18, yenye ngozi ya kahawia au nyeusi inayoteleza. Ngozi ile imetengenezwa ili zege isishike, na gundi yako pia haitashika. Halafu ukibadilisha chini yote kwa milimita 12 mashua itakuwa jiwe. Unahitaji plaiwudi ya milimita 5 au 6 tu, tena kipande kisichofika nusu ya bodi moja. Kabla ya kununua, omba kipande cha pembeni, kichemshe saa nzima, kikaushe, chemsha tena. Kikiachana, rudisha sufuria kabatini na utafute duka jingine.

---

Mzee wa Pangani

Vijana mnazungushana na mizani ya kahawa. Chombo kinachovuja kinakalafatiwa. Pamba safi, izungushe, iingize kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mbao, juu paka sifa (mafuta ya papa), chini piga shahamu (mafuta ya wanyama na chokaa), shusha majini kilale usiku mmoja. Asubuhi mbao zimekunywa, zimevimba, hakivuji tena.

---

FundiMbao_Tengeru

Shikamoo mzee wangu. Kwa dau au jahazi la mbao nene hakuna wa kukupinga. Ubao mzima hunywa maji ukavimba kwa upana, unaibana pamba, mwanya unafunga. Plaiwudi haina tabia hiyo, matabaka yake yamepishana, moja linamzuia mwenzake asivimbe. Na hapa hakuna mwanya wa kuingiza pamba, ni milimita 5 imekutana na milimita 5 pembeni. Patasi ya kalafati ikiingia hapo itaachanisha matabaka. Shahamu nayo ni kinga ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na maji baridi hayana wadudu hao.

Kubwa zaidi ni sifa. Mafuta yakishaingia kwenye mbao ile, hakuna resini wala rangi itakayoshika tena. Kibo_Chini, hata mafuta ya injini yaliyotumika, ambayo watu hupaka mbao za nyumba, usiyakaribishe karibu na hiyo mashua.

---

Mzee wa Pangani

Marahaba. Nimekuelewa, hiyo ya plaiwudi nakuachia. Mkifika kwenye mlingoti na kamba nitarudi.

---

Resini_Njiro

Nichukue swali la resini, maana hapo ndipo pesa inapopotea.

Arusha na Moshi utapata kwa urahisi poliesta, ile ya mafundi wa bodi za magari na wa kuziba matangi. Ni rahisi na inakauka haraka. Tatizo lake ni kwamba inashika fiba vizuri lakini mbao inaishika kwa shingo upande. Utepe wako wa kushoto umebanduka kwa sababu hiyo hiyo: ni poliesta juu ya mbao, unyevu ukapita katikati. Epoksi ni ghali, mara nyingi utaagiza kutoka Dar, lakini inaingia kwenye mbao, na inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: gundi, kijazio na kinga ya maji. Kwa mashua hii tumia epoksi peke yake. Epoksi inashika juu ya poliesta ya zamani ukiipiga msasa mpaka mng'ao uondoke. Kinyume chake hakifai, poliesta juu ya epoksi haikauki vizuri wala haishiki. Ukichanganya mifumo katikati ya kazi umeharibu.

Kiasi: seti ya kilo 5, resini na hadina (dawa ya kuigandisha) pamoja, inatosha viraka, mishono na makoti matatu ya nje na kubaki. Nje ya Mirror ni kama mita za mraba 5 hadi 6, na koti moja linakula gramu 100 hivi kwa mita moja ya mraba. Utepe wa fiba iliyofumwa wa upana wa sm 7.5, gramu 200 kwa mita ya mraba, mita 10. Kitambaa cha aina hiyo hiyo mita moja ya mraba kwa viraka. Usinunue ile mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa wanaoutumia kwenye magari. Nyuzi zake zimeshikanishwa kwa unga unaoyeyushwa na poliesta, epoksi haiuyeyushi, kwa hiyo mkeka unabaki mkakamavu na kona haukubali.

Kuchanganya: fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo lako, iwe mbili kwa moja au tano kwa moja, na pima kwa mizani ya jikoni kama mtengenezaji ametoa uwiano wa uzito. Kuongeza hadina ili ikauke haraka ni tabia ya poliesta, ambayo inapokea asilimia 1 hadi 2 kulingana na joto. Epoksi ukiizidishia hadina inabaki laini milele, na dawa yake ni kuikwangua yote. Changanya gramu 150 au 200 kwa mara moja, koroga dakika mbili ukikwangua kingo na kitako cha kikopo, kisha mimina kwenye sinia pana. Ikibaki kwenye kikopo chembamba inajipasha moto yenyewe, na Moshi ya Februari itaganda mkononi kabla hujafika kwenye mashua. Joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi unapungua nusu hivi.

Arusha tatizo ni upande wa pili. Juni na Julai, baridi na ukungu, epoksi inachelewa na asubuhi unaikuta na utando wa utelezi juu. Usiupige msasa ukiwa hivyo, utausugulia ndani. Osha kwa maji ya kawaida na sponji ya kusugulia vyombo, kausha kwa kitambaa, ndipo msasa. Tinna haiuondoi, inausambaza tu.

Kwa wale mtakaotumia poliesta kwa mambo mengine: kama unanunua resini isiyo na kiharakisha cha kobalti, kichanganye kwanza na resini, koroga, ndipo utie hadina. Hadina na kobalti vikikutana vyenyewe vinawaka moto au kulipuka. Glovu na barakoa kwa aina zote, na hata unapopiga msasa rangi ya zamani, maana rangi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na risasi. Tumia msasa wa maji.

---

Kibo_Chini

Asanteni sana. Nimeipima, kilo 58. Imefunguliwa vizibo, iko chini ya paa. Naona kweli inabeba maji. Sasa lile eneo linalobonyea nalikataje? Na je, kisanduku cha ubao wa katikati nitajuaje kama chenyewe kinavuja?

---

FundiMbao_Tengeru

58 ni maji, ndiyo. Haraka weka pembeni.

Kisanduku cha ubao kwanza, maana Mirror zikivuja ndicho mshukiwa wa kwanza. Mchanga unaingia kati ya ubao na kuta zake, unasaga, na mshono wa chini unachoka kwa sababu ubao unausukuma kila upepo unapopiga. Ikishakauka, iweke wima, ziba tundu kutoka chini kwa utepe wa kubandika wenye nguvu, jaza maji kisanduku hicho kutoka juu, kaa nusu saa ukitazama kwa tochi. Matone yatakuonyesha mahali penyewe. Toa maji, kausha tena.

Kama ni mshono tu: kwangua rangi na utepe uliolegea pande zote mbili mpaka mbao safi, msasa namba 60, paka epoksi tupu, iache inate, halafu tengeneza kijazio kwa kuichanganya na unga laini wa mbao ya msasa (uchuje kwa kitambaa) mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Jaza kona kwa kijiko, uiviringe mkunjo wa nusu kipenyo cha sm 2, na kabla haijaganda laza utepe juu yake. Upande wa chini, kingo za tundu zizungushie kidogo kwa tupa, kisha pitisha utepe uingie ndani ya tundu sm 2. Utepe haukai juu ya kingo kali, unaacha kiputo cha hewa na hapo ndipo utakapochanika.

Sasa kiraka. Kata ubovu wote na ongeza sm 5 ndani ya mbao nzima kila upande. Tundu liwe la duara dufu, kona kali zinazaa ufa. Kingo za tundu zikate mteremko wa nane kwa moja: plaiwudi ya milimita 5, mteremko wa milimita 40. Kipande kipya kikate mteremko huo huo kinyume chake. Usiogope hesabu hiyo, matabaka ya plaiwudi yenyewe ndiyo rula. Unapopiga randa na msasa, tabaka huonekana kama mistari. Mistari ikienda sambamba, upana sawa, mteremko uko sawa. Ikipinda, umekula upande mmoja.

Kipande kijaribu kikavu kwanza, kiwekee alama ya kalamu. Paka epoksi tupu pande zote mbili, subiri mbao inywe, ongeza tena panapokauka, ndipo paka ile nzito kidogo. Ukiruka hatua ya kwanza mbao inanyonya gundi yote kwenye kiungo, na kiraka kinashikiliwa na vumbi. Nyuma na mbele weka nailoni na kipande cha ubao, bana kwa skrubu za muda au weka mfuko wa mchanga. Usibane kwa nguvu zote, epoksi inataka ibaki na unene kidogo, gundi ya seremala ndiyo inayopenda kubanwa mpaka itoke.

Kona ya ubao wa nyuma: kama matabaka yameachana lakini hayajaoza, yapanue kwa kisu chembamba, ingiza epoksi tupu kwa bomba la sindano, bana kati ya mbao mbili zenye nailoni. Hapo ndipo macho ya usukani (vyuma vya kuutundikia) yanapofungwa, kwa hiyo yatoe, tundu zake zitoboe kubwa zaidi, zijaze ile nzito, kisha toboa upya tundu la skrubu katikati. Skrubu haitagusa mbao tena, na maji hayatapata njia.

Utepe uliobanduka sm 60: upashe kwa hewa ya moto, siyo moto wa gesi, vuta huku ukikwangua, na endelea mpaka ufike mahali unapogoma kabisa. Ukigoma, acha. Utepe wa zamani uliokaza hauna kosa, punguza ukingo wake kwa msasa na upandishe mpya juu yake sm 5.

Visanduku vya hewa vipimwe mwishoni. Chomeka mpira kwenye tundu la kizibo, puliza kwa mdomo, mtu mwingine apake povu la sabuni kwenye mishono yote. Kwa mdomo jamani. Kuna watu wanaunganisha kompresa ya gereji, plaiwudi inavimba na mishono inafumuka yote kwa sekunde chache.

---

Resini_Njiro

Nyongeza ya rangi. Epoksi inakufa kwa jua, na jua la huku juu halina huruma, kwa hiyo lazima ifunikwe. Mashua inayotolewa majini kila siku haihitaji rangi za baharini za bei kubwa. Rangi ya mafuta nzuri inatosha, prima moja na makoti mawili. Ila jaribu kipande kidogo kwanza, kwa sababu baadhi ya rangi za mafuta hazikauki juu ya epoksi mpya, zinanata wiki nzima. Osha epoksi kwa maji, msasa 120, subiri ikomae siku kadhaa. Nje chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Rangi nyeusi au bluu iliyokoza inapata joto, na joto linalegeza mishono. Sehemu za mbao utakazopaka vanishi ziwe na kinga ya jua, makoti manne au matano, na usitumie vanishi ya samani za ndani.

---

Turubai_AR

Kuhusu matanga, kabla hujayafua (na usiyafue kwa mashine, loweka maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usikamue) fanya jaribio. Chukua sindano nene, ingiza kwenye kitambaa karibu na kona ya juu, jaribu kuchana kwa kuvuta pembeni. Kikichanika kama karatasi, jua limekimaliza. Kisha kwaruza mshono kwa ukucha. Mara nyingi kitambaa bado kizuri ila uzi umekufa, maana uzi unakaa juu na jua linaupata wa kwanza. Hapo unashona upya juu ya mishono ile ile.

Arusha tumebahatika: mafundi wa mahema ya safari wana cherehani zinazopiga zigizaga na zenye mguu unaotembea, uzi wa poliesta unaohimili jua, na mashine za kupiga macho ya shaba. Wapelekee. Waambie mshono uwe zigizaga ya milimita 4 au 5. Mshono wa mstari mnyoofu haunyumbuki, tanga likijaa upepo unakatika. Kona tatu za tanga ziongezewe viraka vya kitambaa hicho hicho, vitatu vya ukubwa unaopungua.

Kama tanga limekufa kabisa, usishone turubai la lori. Lile la PVC lina gramu 600 hivi kwa mita ya mraba au zaidi, kitambaa cha tanga dogo kama hili ni gramu 160 au 170. Utakuwa na pazia zito juu ya mashua nyepesi, upepo mdogo halijai na upepo mkubwa linakupindua. Turubai la nailoni la bluu linafaa kwa majaribio ya msimu mmoja tu. Lile la zamani lisitupwe hata likioza, ndilo kielelezo: litandaze sakafuni, chora ukingo wake wote. Usinyooshe mistari yake kwa rula, ule mviringo kwenye ukingo wa mbele ndio unaolipa tanga tumbo.

Ombi moja kutoka kwangu: kabla halijafungwa, wapige mstari wa macho madogo kwa ajili ya kupunguza tanga, sm 60 juu ya ukingo wa chini. Nyumba ya Mungu utalihitaji.

---

Mzee wa Pangani

Nimerudi. Huo ufito wenye mdomo ni foromali, ila huu unasimama wima ukiendeleza mlingoti badala ya kulala mshazari kama wetu. Mdomo wake upake nta ya mshumaa usije ukasaga mlingoti.

Angalia hapa kwenye kupunguza tanga alikosema Turubai, maana wengi wanakosea. Henza, kamba ya kupandishia tanga, inafungwa kwenye foromali mahali ambapo tanga likiwa juu kabisa pale pafike kwenye kapi la kichwa cha mlingoti. Ukipunguza tanga sm 60, foromali inashuka sm 60, na fundo lako sasa liko chini ya kapi. Kamba inalegea hapo juu, foromali inainama nyuma na tanga linageuka mfuko. Kwa hiyo weka pete ya pili kwenye foromali, sm 60 juu ya ile ya kwanza. Ukipunguza, hamisha henza kwenye pete hiyo.

Kamba: henza isiwe ya nailoni, inanyumbuka na tanga linashuka lenyewe ukiwa katikati ya maji. Chukua ya poliesta, milimita 6. Demani, kamba ya kuongozea tanga, iwe nene zaidi, milimita 8 au 10, kwa sababu ya mikono. Demani isifungwe kamwe kwenye mashua ndogo. Inashikwa mkononi, upepo ukipiga unaiachia.

Mlingoti ukiwa umeoza chini, tafuta saipras iliyonyooka, isiyo na vifundo, iliyokauka kivulini. Mkaratusi una nguvu lakini mzito, na uzito wa juu ndio unaopindua chombo.

---

Turubai_AR

Mzee kamaliza. Waya zinazoshika mlingoti: pitisha kitambaa cha pamba juu yake, kikinasa kuna uzi umekatika, badilisha waya nzima. Stenlesi ya milimita 3, vitanzi vibanwe kwa feruli za shaba. Chini usifunge skrubu za kukazia za bei rahisi, funga kamba ya milimita 4 mizunguko sita, ni nyepesi na unaikata kwa kisu siku ya shida.

---

Kibo_Chini

Hapo kwenye demani nimeelewa vizuri, shikamoo mzee. Swali la mwisho: ubao wa katikati nitengeneze wa nini, na kwa kujaribu niende ziwa Duluti au moja kwa moja Nyumba ya Mungu?

---

Mwanga_Majini

Ubao: pima upana wa tundu, toa milimita 4, huo ndio unene wako pamoja na rangi. Gandisha matabaka ya plaiwudi ya milimita 6 kwa epoksi, ukingo wa mbele uviringe, wa nyuma uchonge uwe mwembamba, funika wote kwa kitambaa cha fiba. Juu weka kishikio kikubwa kuliko tundu usije ukauacha ukazama. Toboa tundu na ufunge kamba ya raba ya tairi la ndani la baiskeli iushikilie ubao usipande wenyewe.

Maji sasa. Duluti iko ndani ya hifadhi ya msitu, unaingia kwa kulipia, na ni ziwa dogo la kreta lililozungukwa na miti. Upepo unakatika, unageuka, unakatika tena. Ni pazuri kwa makasia, kwa kujifunza tanga panachosha. Ziwa Chala kingo zake ni ukuta, hiyo isahau. Ziwa Jipe ni kina kifupi na mafunjo, ubao wako utakuwa unalima matope.

Nyumba ya Mungu ndiyo penyewe, ila iheshimu. Ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960, mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia humo, na kina chake kinapanda na kushuka kulingana na mvua na maji yanayotolewa kwa umeme. Ufuo unaosikia sifa zake leo unaweza kuwa tope baada ya miezi mitatu, kwa hiyo uliza wavuvi wiki hiyo hiyo. Kuna mamba na viboko. Usishushe mashua kwenye matete, shusha pale wavuvi wanaposhushia, mchana, na uwaulize viboko wako upande gani. Nyavu ziko kila mahali. Ukiona mstari wa maboya nyanyua ubao, usukani nao uupandishe ukiweza, pita polepole. Ukichana wavu wa mtu, lipa hapo hapo.

Anza asubuhi upepo ukiwa mdogo, mchana unakuja kwa nguvu na mawimbi mafupi. Tumia tanga lililopunguzwa safari za mwanzo. Laifu jaketi mvae, zisikae kwenye sakafu. Kichocho nacho kipo maji ya namna hii, ukiwa unaingia mara kwa mara kapime.

Jaribio la kupindua usilifanye huko. Omba mwenye shamba lenye bwawa la kumwagilia kahawa au maua, mahali pasipo na mamba, maji ya kifuani. Pindua mashua makusudi, isimamishe kwa kukanyaga ubao wa katikati, ingia, kaeni wawili ikiwa imejaa maji. Inatakiwa iwabebe na bado mweze kuyatoa maji kwa ndoo. Ikilala upande mmoja, kisanduku cha upande huo kinavuja, rudi kwenye povu la sabuni.

Na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) waulize mapema kuhusu usajili wa chombo kidogo, kabla ya koti la mwisho la rangi, maana ukipewa namba itaandikwa ubavuni. Acha nafasi upande wa mbele, kulia na kushoto.

---

Kibo_Chini

Nimeandika yote. Wiki hii imeshuka hadi kilo 54, bado naisubiri.

---

FundiMbao_Tengeru

Kisanduku cha kulia kikague kwa kuingiza mkono ndani, shika sehemu ya chini kabisa nyuma. Kama bado kuna baridi ya unyevu, weka balbu ya zamani ya wati 40 ndani ya tundu usiku, isiguse mbao, na tundu la kizibo upande wa pili libaki wazi hewa itembee. Usiku wa kwanza kaa karibu nayo.